Kuchora udugu wetu na wanyama: mwongozo kamili wa kazi ya sanaa inayotokana na jenetiki

Picha nyingi zinazoitwa "sanaa na sayansi" zina kasoro moja. Mnyama amechorwa vizuri, rangi zimekaa, halafu ngazi ya DNA imepachikwa pembeni kama nembo. Ifute ngazi hiyo, picha haitapungukiwa na chochote. Mwongozo huu unafuata njia nyingine: unaanza na jambo moja la kisayansi lililothibitishwa, kisha unaliacha jambo hilo liamue umbo, rangi, idadi na mpangilio. Kazi ikikamilika, ukweli ule ukibadilika hata kidogo, picha nayo italazimika kubadilika.

Nitatumia mfano wa twiga tangu mwanzo hadi mwisho, kwa sababu sayansi yake imefanyika hapa kwetu na haijulikani vya kutosha. Jenomu ya twiga, yaani mpangilio mzima wa DNA yake, ilichapishwa mwaka 2016 na kundi lililoongozwa na Morris Agaba wa Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha pamoja na Douglas Cavener wa Chuo Kikuu cha Penn State, Marekani. Mabaka ya twiga wa Tarangire nayo yamepimwa moja moja, mama na ndama wake. Msanii wa Afrika Mashariki anayetaka kuchora jenetiki hana haja ya kuazima sungura wa Ulaya (habari zake ziko mbele).

Kazi yenyewe ni mbao tatu: mama na ndama, pingili za shingo, na panya wa maabara aliyebeba jeni ya twiga, yaani kipande cha DNA chenye agizo moja la kuujenga mwili.

Vifaa

Karatasi moja ya hadibodi ya futi 4 kwa 8 inatosha na kubaki. Kata vipande viwili vya sentimita 60 kwa 60, na kimoja cha 60 kwa 120. Nunua andakoti nyeupe, rangi za mafuta zenye kung'aa (makopo madogo yanatosha), thina, msasa laini, brashi tatu za upana tofauti na moja nyembamba sana. Ongeza karatasi ya grafu, karatasi angavu ya kunakilia, uzi wa kushonea, pini na rula.

Hadibodi na rangi ya mafuta ndivyo alivyovitumia Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, wakati huo rangi ikiwa ile ya baiskeli. Heshima kwake ni sababu mojawapo ya kuvichagua. Sababu kubwa zaidi ni kwamba rangi hii ikikauka huacha ukingo mkali, na katika ubao wa kwanza ukingo wa baka ndio habari yenyewe. Fanyia kazi mahali penye hewa, maana mvuke wa thina unaumiza kichwa na mapafu.

Hatua ya kwanza: chagua jambo, mnyama atafuata

Usianze kwa kusema "nitachora simba". Andika kwanza sentensi moja ambayo mtafiti angeisoma na kuikubali bila kusahihisha. Zangu ni hizi tatu. Ndama wa twiga hurithi kutoka kwa mama yake uduara wa mabaka na ulaini wa kingo zake. Twiga, binadamu na panya wote wana pingili saba za shingo. Mwaka 2021 watafiti walichapisha matokeo ya kuwapa panya jeni moja katika toleo la twiga, na panya hao wakahimili dawa ya kupandisha presha ya damu.

Sentensi zako zinaweza kutoka kwingine. Simba wa kreta ya Ngorongoro walipukutika mwaka 1962 kwa mlipuko wa nzi wang'atao, wakabaki takriban kumi, na ufinyu wa ukoo wao ukafuatiliwa na watafiti kwa miaka mingi. Duma wa leo wanafanana mno kijenetiki. Sokwe wa Gombe wametambuliwa baba zao kwa DNA iliyotoka kwenye kinyesi. Kila moja ya hizi inatosha kubeba kazi nzima, mradi ibaki sentensi moja. Ikifika tatu katika ubao mmoja, mtazamaji hatashika hata moja.

Hatua ya pili: jua watu wamempa mnyama huyo maana gani

Twiga hajangoja wanasayansi ili awe na maana. Yumo katika michoro ya miambani ya Kondoa, ambayo UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006. Mwaka 1414 twiga aliyetoka kwa mfalme wa Bengal alifika kwa mfalme Yongle wa China, na mwaka uliofuata akafika mwingine kutoka Malindi. Wachina walimwona kuwa ni qilin, mnyama wa baraka anayetokea pale mfalme anapotawala kwa haki. Mchoro wa mwaka 1414 unaohusishwa na Shen Du unamwonyesha amefungwa hatamu, na mtu mmoja ameshika kamba. Kwetu Tanzania leo twiga ni mnyama wa taifa.

Chukua daftari, gawa ukurasa katikati. Upande mmoja andika yale yanayosemwa juu ya mnyama, upande wa pili yale yaliyopimwa. Kisha chagua ishara moja tu ya upande wa kwanza itakayoingia kwenye picha. Mimi huchagua ile kamba. Inasema waziwazi kwamba kuna mtu upande wa pili wa kila picha ya mnyama, awe mfalme, mwindaji au mtafiti. Katika mbao hizi tatu kamba nyekundu inaingia kutoka ukingo wa kushoto wa ubao wa kwanza na kutokea kulia mwa ubao wa mwisho. Haimfungi mnyama yeyote. Inapita tu, na mtazamaji ataijua.

Hatua ya tatu: ubao wa mama na ndama

Hapa tukae kidogo, kwa sababu hii ndiyo hatua inayofanya kazi yote iwe ya kweli.

Kila twiga ana mpangilio wake wa mabaka, hauna pacha wala haubadiliki maishani, ndiyo maana watafiti huwatambua kwa picha. Mwaka 2018 Derek Lee, Douglas Cavener na Monica Bond walichapisha uchunguzi wa twiga wa Tarangire. Walipima sifa 11 za mabaka kwa mama na ndama. Mbili ndizo zilizoonekana kurithiwa kwa nguvu: jinsi baka linavyokaribia kuwa duara, na jinsi ukingo wake ulivyo laini au ulivyochanika. Kwa hiyo ukimchora ndama mwenye mabaka yaliyonakiliwa moja kwa moja kutoka kwa mama, umesema uongo. Ukimchora mwenye mabaka ya kubahatisha, umesema uongo mwingine. Ukweli uko katikati, na unapimika kwa uzi na karatasi ya grafu.

Tafuta picha ya twiga jike iliyopigwa ubavuni, kamera ikiwa imemkabili sawasawa. Picha ya mshazari hupotosha umbo. Piga mwenyewe, au omba ruhusa kwa aliyepiga. Ikuze, weka karatasi angavu juu, nakili mabaka kama kumi na mawili ya bega na mbavu. Hamishia kila baka kwenye karatasi ya grafu.

Sasa pima. Hesabu miraba ya sentimita moja iliyo ndani ya baka. Ile iliyokatwa katikati, hesabu mbili kuwa mmoja. Hilo ndilo eneo. Kisha laza uzi juu ya ukingo wote, fuata kila pindo, nyoosha uzi huo kwenye rula. Huo ndio mzingo. Zidisha eneo kwa 12.56, ugawe kwa mzingo uliozidishwa kwa wenyewe. Duara kamili hutoa 1. Tuseme baka lina eneo la sentimita za mraba 60 na mzingo wa sentimita 38: 60 mara 12.56 ni 753.6, ukigawa kwa 1,444 unapata 0.52. Baka hilo liko mbali na duara.

Sifa ya pili inahitaji pini. Weka karatasi ya grafu juu ya boksi, choma pini kwenye kila ncha iliyochomoza ya baka, kisha zungushia uzi uliokazwa nje ya pini zote. Hesabu miraba iliyo ndani ya uzi. Gawa eneo la baka kwa eneo hilo. Baka la 60 ndani ya uzi wa 75 lina 0.8. Twiga wa Kimasai, ambao ndio wa Tarangire, mabaka yao yamechanikachanika mithili ya majani ya mzabibu, hivyo namba hii hushuka. Wale wa kaskazini mwa Kenya wana mabaka makubwa yenye kingo zilizonyooka na mistari myeupe myembamba katikati, nayo hupanda. Usichanganye hao wawili katika familia moja.

Namba hizi mbili hazitegemei ukubwa. Baka la ndama likiwa nusu ya lile la mama kwa urefu, eneo litakuwa 15 na mzingo 19, na jibu bado ni 0.52. Ndiyo maana mtoto mdogo anaweza kufanana na mama mkubwa. Sasa buni mabaka ya ndama kwa uhuru: badilisha mahali, badilisha idadi, badilisha rangi ikolee au ififie, lakini kila baka ulilobuni lipime, na lisiende mbali na wastani wa mama katika zile sifa mbili. Utashangaa jinsi jicho linavyowatambua kuwa ni mama na mwana kabla ya kusoma maelezo yoyote. Kwangu hiyo ndiyo furaha kubwa ya kazi hii yote.

Kupaka: msasa, andakoti, msasa tena, kisha rangi ya krimu ubao mzima. Acha ikauke hadi kesho yake. Hamisha michoro kwa penseli, paka mabaka kuanzia katikati kwenda nje, na umalizie ukingo kwa brashi nyembamba bila kurudia rudia. Ukingo ulioguswa mara tatu huwa mlaini kuliko ulivyoupima.

Hatua ya nne: ubao wa pingili saba

Karibu mamalia wote wana pingili saba za shingo. Za twiga ni ndefu kupindukia, moja inaweza kuzidi sentimita 25. Za panya utahitaji kioo cha kukuzia. Idadi ni ileile, na yako ni hiyo hiyo.

Tumia ubao mrefu, uusimamishe. Gawa upana katika safu tatu: panya, mtu, twiga. Kila shingo ichorwe kwa urefu uleule wa kimo cha ubao, ili pingili ya kwanza ya panya ikabiliane na ya kwanza ya mtu na ya kwanza ya twiga. Wengine watakushauri uchore kwa uwiano halisi ili twiga aonekane mkubwa. Mimi sikubaliani nao, kwani ukubwa wa twiga kila mtu anaujua. Usawa wa hesabu ndio ambao hawajawahi kuuona. Ukubwa halisi uweke chini kwa mstari mfupi wa vipimo chini ya kila safu.

Chagua rangi saba. Pingili ya kwanza katika wanyama wote watatu ni rangi moja, ya pili nyingine, hivyo hivyo hadi ya saba. Rangi zisiwe pambo, ziwe hesabu. Zingatia maumbo: ya kwanza ni kama pete, haina mwili mnene, ya pili ina jino linaloingia ndani ya pete hiyo, na kwa jino hilo kichwa hugeuka kulia na kushoto. Ukizichora zote saba kwa umbo moja, daktari wa kwanza atakayepita ataacha kuiamini kazi yako yote.

Kama ni lazima kuwe na ngazi ya DNA mahali fulani, ichore sawasawa. DNA ya kawaida huzunguka kama skrubu ya kawaida: kamba iliyo upande wako inapanda kutoka kushoto kwenda kulia. Mabango mengi hukosea hapa, hasa picha ikigeuzwa kwenye kompyuta. Mzunguko mmoja una vidato takriban 10, na urefu wa mzunguko ni mara 1.7 ya upana wa ngazi.

Hatua ya tano: ubao wa panya

Katika jenomu ya mwaka 2016 twiga alilinganishwa na ndugu yake wa karibu, okapi wa misitu ya Kongo, na mamalia wengine. Jeni moja ilijitokeza, FGFRL1, inayohusika na ukuaji wa mifupa na mfumo wa moyo na mishipa. Binadamu anayo, panya anayo. Ya twiga ina mabadiliko saba ya asidi amino (vijenzi vya protini ambayo jeni huiagiza) yaliyo ya twiga peke yake. Katika utafiti wa mwaka 2021 panya walipewa mabadiliko hayo, kisha wakapewa dawa ya kupandisha presha. Panya wa kawaida presha ilipanda. Wale wenye jeni ya twiga walihimili, na mifupa yao ilikuwa imara zaidi. Shingo zao hazikurefuka.

Hilo la mwisho litamke waziwazi katika picha. Kuna kishawishi kikubwa cha kumchora panya mwenye shingo ndefu, na ni picha itakayosambaa sana mtandaoni. Usiichore. Na kwa kuwa pingili ni saba na mabadiliko ni saba, mtazamaji atadhani kila badiliko linahusu pingili moja. Ni bahati tu ya namba. Andika hivyo kwenye lebo.

Protini ya FGFRL1 ya binadamu ina asidi amino 504. Ipe kila moja mraba wa sentimita 2: safu 24 kwa mistari 21 zinatoa 504 kamili: upana sentimita 48, kimo 42. Juu ya ubao wako wa 60 kwa 60 itabaki nafasi ya kumweka panya mmoja kwa ukubwa wake halisi, kiwiliwili kama sentimita 9 na mkia wa kukaribiana na hapo.

Mpangilio wa protini uko wazi kwa kila mtu kwenye NCBI, hifadhi ya data za kibaiolojia ya Marekani iliyo mtandaoni, bila malipo. Ingia sehemu ya protini, andika FGFRL1 na jina la Kilatini la mnyama: Homo sapiens, Giraffa, Okapia, Bos taurus. Ukimlinganisha twiga na binadamu peke yao utaona tofauti nyingi, kwa sababu nyingine ni za jamii nzima ya wanyama wanaocheua. Weka okapi na ng'ombe kwenye ulinganisho. Mahali ambapo twiga anatofautiana na wote ndipo pa kutafuta.

Asidi amino ziko 20, lakini rangi 20 zitakuwa vurugu. Zigawe makundi manne: zinazokwepa maji, zinazopenda maji, zenye chaji chanya, zenye chaji hasi. Rangi nne zilizotulia. Ile miraba saba pekee ipake rangi ya mabaka ya mama wa ubao wa kwanza, rangi isiyotumika mahali pengine popote katika ubao huu.

Mpe panya macho yenye uhai na kila kidole chake. Huyu ndiye aliyebeba jaribio, na sehemu kubwa ya tiba tunazomeza imepitia kwa wenzake. Huko Novosibirsk, Urusi, tangu mwaka 2013 kuna sanamu ya panya wa maabara, amevaa miwani, anafuma uzi wa DNA mbele ya taasisi ya jenetiki. Hicho ni kiwango kizuri cha heshima cha kukifikia.

Mipaka ya kutovuka

Mwaka 2000 msanii Eduardo Kac alitangaza kazi iliyokuwa sungura hai, Alba, aliyetengenezwa katika maabara ya Ufaransa akiwa na jeni ya kung'aa kijani iliyotoka kwa konyeza wa baharini (jellyfish). Maabara ilikataa kumtoa, mjadala ukawaka duniani kote. Kazi hiyo ilifungua mlango muhimu, lakini sioni sababu ya mwili wa mnyama kubadilishwa ili sisi tuwe na picha. Panya wa maabara ameshatumika kwa ajili ya afya, inatosha kumchora.

Usitumie ngozi, mfupa wala singa za mkia wa twiga, hata ukiambiwa aliokotwa amekufa. Kwa sheria ya Tanzania hizo ni nyara za serikali, na kukutwa nazo bila kibali ni kosa. Nywele au mate ya mtu kwenye kazi ya sanaa pia yanahitaji ridhaa yake ya maandishi, kwa kuwa DNA yake inasema mambo ya ndugu zake ambao hawakuulizwa.

Kuonyesha kazi

Kabla ya kuitundika, mpelekee mwalimu wa baiolojia zile sentensi tatu pamoja na picha. Muulize swali moja: je, kuna kitu picha inasema ambacho sentensi haisemi? Sahihisha kabla rangi ya mwisho haijakauka.

Lebo iwe fupi na ianze na kile jicho linachokiona. Mfano wa ubao wa kwanza: "Angalia kingo za mabaka. Mama na ndama wanatofautiana mahali na idadi ya mabaka, lakini uduara na mchaniko wa kingo ni wa ukoo mmoja. Sifa hizi mbili zimepimwa kwa twiga wa Tarangire." Ubao wa pingili utundike katikati, mwisho wake wa chini uwe karibu na goti la mtoto wa darasa la tatu, kwa sababu watoto ndio watakaozihesabu kwa kidole.

Kama kuna meza, waonyeshe wageni DNA yenyewe. Weka spiriti kwenye friza mapema, iwe baridi kabisa. Yenye nguvu zaidi ndiyo bora. Ponda kipande cha papai kwenye mfuko wa plastiki. Koroga nusu kikombe cha maji na kijiko kimoja cha chai cha chumvi na viwili vya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, mimina ndani ya mfuko, bonyeza polepole bila kufanya povu kwa dakika kadhaa, chuja kwa kitambaa. Mimina mchujo kwenye glasi nyembamba, kisha teremsha spiriti taratibu pembeni mwa glasi ili ielee juu. Baada ya dakika chache nyuzi nyeupe zitapanda mahali vimiminika viwili vinapokutana. Zizungushe kwenye kijiti, mgeni azione kwa karibu. Glasi hizo ziwe na alama, zisinywewe, na chupa ya spiriti ikae mbali na moto na watoto.